Mnyonge Hashindi kwa Kumwiga Mwenye Nguvu

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo mwanafunzi makini akizisoma kwa pamoja hubaki njia panda. Ya kwanza yasema: mwenye nguvu mpishe. Ya pili yaonya: mdharau mwiba mguu huota tende. Moja yamwamuru mdogo akae kando ili mkubwa apite. Nyingine yamtahadharisha mkubwa asije akaangushwa na kitu kidogo asichokitia maanani. Mwanafunzi huuliza, na ana haki ya kuuliza: ipi kati ya hizo iliyo kweli?

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, kwa muda mrefu nilizoea kujibu kwamba methali haina ukweli nje ya muktadha wake. Jibu hilo ni sahihi, lakini nakiri kwamba ni jibu la mtu mvivu endapo halisemi ni kitu gani hasa katika muktadha kinachoifanya methali moja iwe kweli na nyingine iwe uongo. Leo nataka kuliziba pengo hilo kwa kuazima maarifa ya taaluma isiyo yangu, nayo ni ile ambayo wataalamu wa uchumi na hisabati huiita nadharia ya michezo. Nilisukumwa kuisoma si na udadisi wa vitabuni tu, bali na tukio nililolishuhudia kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, karibu na lango la chuo nilikokuwa nikifundisha, palikuwa na maduka mawili ya fotokopi. La kwanza lilikuwa kubwa, lina mashine nyingi na vijana wengi wa kuhudumia wateja. La pili lilikuwa kibanda cha kijana mmoja aliyekuwa na mashine moja tu. Duka kubwa lilitoza shilingi tatu kwa ukurasa. Kijana yule alitoza shilingi mbili na nusu. Wanafunzi waliojali senti zao walipanga foleni kibandani, na mwenye duka kubwa hakujishughulisha naye hata kidogo. Mambo yalikwenda hivyo kwa mwaka mzima na zaidi.

Kisha kijana akatiwa moyo na mafanikio yake. Akachukua mkopo, akanunua mashine nyingine tatu, akakodi chumba kikubwa zaidi. Haukupita mwezi duka kubwa likashusha bei hadi shilingi mbili na nusu. Kijana akashusha hadi shilingi mbili. Duka kubwa nalo likashusha hadi shilingi mbili. Muhula haujaisha, mashine za kijana zikachukuliwa na waliomkopesha. Siku aliyokuwa akifunga mlango wa chumba chake kwa mara ya mwisho aliniambia, "Mwalimu, nilidhani nikikua ataniogopa. Kumbe nilipokua ndipo aliponiona."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Ni kwa nini mtu aliyevumiliwa akiwa mdogo aangamizwe pindi anapokua? Je, mwenye duka kubwa alikuwa na roho mbaya? Sidhani. Alikuwa na kalamu na karatasi.

Kabla ya kuzipiga hesabu zake, yafaa tulieleze jina la taaluma yenyewe, maana limewapotosha wengi. Neno mchezo katika lugha yetu hubeba dharau. Humwambia mtu asifanye mchezo na kazi, asilete mchezo mbele ya wazee. Lakini mchezo unaokusudiwa hapa ni wa aina ya bao. Mchezaji wa bao hachukui kete zake kwa kutazama upande wake pekee. Hujiuliza: nikienda hivi, mwenzangu atajibu vipi, nami nitakuwa nimebaki na nini baada ya jibu lake? Hiyo ndiyo nadharia ya michezo kwa ufupi. Ni elimu ya kuamua pale ambapo matokeo ya uamuzi wako yanategemea pia uamuzi wa mwenzako, naye anajua hivyo kama unavyojua wewe.

John von Neumann na Oskar Morgenstern ndio walioipa taaluma hii msingi wake madhubuti katika kitabu walichokichapisha mwaka 1944. Miaka sita baadaye, yaani 1950, kijana mwanahisabati wa Marekani, John Nash, akaeleza wazo ambalo sasa hubeba jina lake: msawazo wa Nash. Huo ni hali ambapo kila mchezaji, akitazama afanyayo mwenzake, haoni faida yoyote ya kubadilisha mwendo wake akiwa peke yake. Mwaka 1994 Nash, pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten, alitunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo.

Sasa turudi langoni. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wateja wote wa eneo lile walihitaji kurasa 10,000 kwa siku, na kwamba karatasi, wino na umeme viligharimu shilingi moja kwa kila ukurasa. Duka kubwa likiwa peke yake, kwa bei ya shilingi tatu, lilipata faida ya shilingi 20,000 kila siku. Anakuja kijana mwenye mashine moja iwezayo kutoa kurasa 1,000 tu. Mwenye duka kubwa ana njia mbili. Akimpuuza, anabaki na kurasa 9,000 na faida ya shilingi 18,000. Akiamua kumwadhibu kwa kushusha bei hadi shilingi mbili na nusu na kuwarudisha wateja wote, anauza kurasa 10,000 kwa faida ya shilingi moja na nusu kila moja, yaani shilingi 15,000. Kumpuuza kunampotezea shilingi 2,000; kumwadhibu kunampotezea 5,000. Mwenye akili timamu atampuuza.

Lakini kijana amenunua mashine tatu zaidi. Sasa aweza kutoa kurasa 4,000. Mkubwa akimpuuza, anabaki na kurasa 6,000 na faida ya shilingi 12,000. Akimwadhibu, bado anapata 15,000. Hesabu imegeuka juu chini. Vita ambavyo jana vilikuwa hasara leo vimekuwa afadhali, na atakayevianzisha hana haja ya kumchukia mtu. Ukitaka kujua mpaka wenyewe uko wapi, ni kurasa 2,500. Chini ya hapo kijana angelala usingizi wake. Juu ya hapo alikuwa amebisha hodi mwenyewe.

Judith Gelman na Steven Salop walilieleza jambo hili mwaka 1983 na kulipa jina la uchumi wa judo, kwa kuwa mpiganaji wa judo hutumia uzito wa adui dhidi ya adui mwenyewe. Kampuni kubwa ikishusha bei, huishusha kwa wateja wake wote, wakiwemo wale ambao hawakuwa na nia ya kuhama. Ukubwa wake ndio unaoifanya iwe nzito kugeuka. Mdogo anayelitambua hilo hujiwekea mpaka kwa makusudi, na hujitahidi mpaka huo uonekane na uaminike. Mashine moja ya kijana yule ilikuwa ahadi isiyohitaji kusemwa: kwamba hawezi kuchukua zaidi ya alichokwisha kuchukua. Siku aliponunua mashine ya nne aliivunja ahadi hiyo bila kujua kwamba aliwahi kuitoa.

Hapo ndipo methali zetu mbili zinapoanza kupatana. Mwenye nguvu mpishe ni kweli pale ambapo kupigana nawe kunamgharimu mwenye nguvu kidogo kuliko kukuvumilia. Pale ambapo kupigana kunamgharimu zaidi, huna haja ya kumpisha. Yeye ndiye atakayekupisha. Wala mdogo asifikiri kwamba ushindi wake utatokana na kufanya yale yale afanyayo mkubwa. Mwiga tembo hupasuka msamba.

Upo mfano mwingine unaozidi kulidhihirisha jambo hili, nao ni wa nguruwe. Msomaji asiyekula mnyama huyo asichukizwe. Hapa hatuli, tunahesabu tu. Mwaka 1979 watafiti Baldwin na Meese walichapisha uchunguzi wao kuhusu nguruwe wawili waliowekwa zizini pamoja, mmoja mwenye nguvu na mwingine mnyonge. Upande mmoja wa zizi palikuwa na wenzo. Ukibonyezwa, chakula kilidondoka katika kihori kilichokuwa upande wa pili. Mtu angetarajia kwamba mnyonge ndiye atakayefanywa mtumwa wa kubonyeza huku mwenye nguvu akila. Ikawa kinyume chake. Mwenye nguvu ndiye aliyebonyeza na kukimbilia kihorini, ambako mnyonge alikuwa amekwisha kuanza kula.

Wanauchumi wameugeuza uchunguzi huo kuwa somo la darasani. Chukua kwamba chakula ni vipimo 10, na kwamba kwenda kubonyeza na kurudi kunagharimu nguvu sawa na vipimo 2. Mnyonge akibonyeza ilhali mwenzake amesubiri, mkubwa atakula vipimo 9 na kumwachia kimoja, naye atakuwa amepata hasara ya kipimo 1. Wakibonyeza wote wawili, mkubwa atakula 7 na mdogo 3, hivyo mdogo atabaki na faida ya kipimo 1. Lakini mkubwa akibonyeza na mdogo akisubiri, mdogo atawahi kula vipimo 4, na mkubwa 6 ambavyo ukiondoa gharama yake ni 4. Wasipobonyeza wote, hakuna aliyekula. Kwa mdogo, basi, kusubiri ni bora daima, afanye mkubwa afanyavyo. Mkubwa akiligundua hilo, hana budi kubonyeza, kwani vipimo 4 ni bora kuliko njaa.

Katika biashara, wenzo huo ni kazi ya gharama ambayo huwanufaisha wote: kuwafundisha wananchi matumizi ya bidhaa mpya, kuizoesha serikali na benki jambo ambalo halijawahi kuonekana, kujaribu na kukosea. Kampuni ndogo haina sababu ya kukimbilia kazi hiyo. Na iache iliyo kubwa ibonyeze.

Iwapo tungeishia hapo, tungekuwa tumewapa wadogo faraja nzuri na ya uongo. Kwa maana mfano wa nguruwe una sharti moja ambalo wengi hulisahau: kihori kiwe wazi. Katika zizi la watafiti wale mwenye nguvu hakuweza kujenga ua. Katika biashara anaweza.

Tuitazame nchi yetu. Mwezi wa Machi mwaka 1997 hapakuwa na Mkenya aliyewahi kutuma fedha kwa simu ya mkononi. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa. Ilikuwa kazi ya kubonyeza wenzo kwa maana kamili. Ilibidi wananchi washawishiwe kwamba fedha zao hazitapotea hewani, mawakala watafutwe na wafunzwe mijini na vijijini, na Benki Kuu iridhishwe. Zain, ambayo leo ni Airtel, ilifuata na huduma yake ya Zap mwaka 2009. Kwa mujibu wa hesabu ya zizini, mdogo aliyesubiri alistahili kukuta wateja wamekwisha kuelimika na kula vipimo vyake vinne.

Haikuwa hivyo, na sababu zake si siri. Mawakala wa M-Pesa walifungwa na mikataba iliyowazuia kuhudumia kampuni nyingine, na kizuizi hicho hakikuondolewa hadi mwaka 2014, baada ya Mamlaka ya Ushindani kuingilia kati. Kutuma fedha moja kwa moja kutoka akaunti ya simu ya mtandao mmoja hadi akaunti ya mtandao mwingine hakukuwezekana baina ya Safaricom na Airtel hadi mwaka 2018. Zaidi ya hayo, huduma ya kutuma fedha ina tabia ya soko la kijijini: kila mtu huenda kule ambako wenzake wamekwenda. Mkubwa alibonyeza wenzo, kisha akala ndani ya ua.

Je, alitenda dhambi? Hapa naomba msomaji awe mwadilifu. Hebu tuibadilishe kidogo hesabu ya zizi. Tuseme mdogo anayesubiri anaweza kuwahi kula vipimo 9 na kumwachia aliyebonyeza kimoja tu. Aliyebonyeza atakuwa amepata hasara ya kipimo 1, na kesho hatabonyeza tena. Wote watakufa njaa. Hivyo basi anayedai kwamba ua wa kila kampuni kubwa ubomolewe siku ile ile inapozindua huduma mpya anadai, bila kujua, kwamba huduma mpya zisizinduliwe. Na anayedai kwamba ua usiguswe milele kwa kuwa aliyeujenga alitoka jasho, anadai kwamba watoto wetu wale kutoka mkono mmoja maisha yao yote. Swali la haki si iwapo ua uwepo au usiwepo. Ni uwe wa kimo gani, na uondolewe lini. Katika suala la M-Pesa, mimi naona miaka 11 kutoka 2007 hadi 2018 ilikuwa mirefu kupita kiasi.

Nani aamuaye kimo cha ua? Hilo ndilo kiini cha makala haya. Wachezaji hucheza, lakini kanuni za uwanja huwekwa na mtu mwingine, na badiliko dogo la kanuni laweza kumfanya mnyonge wa jana awe mshindani wa kweli leo. Tuna ushahidi.

Mkenya wa mtandao mmoja anapompigia wa mtandao mwingine, kampuni ya anayepiga huilipa kampuni ya anayepokea ada fulani kwa kila dakika. Hadi mwezi Agosti mwaka 2010 ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42. Ada hii ilionekana kuwa ya haki kwa kuwa ilikuwa sawa kwa kila kampuni. Lakini usawa wa tarakimu si usawa wa uzito. Mteja wa kampuni kubwa, kwa kuwa jamaa na marafiki zake wengi wamo katika mtandao huo huo, aghalabu hupiga simu za ndani zisizolipiwa ada hiyo. Mteja wa kampuni ndogo kila mara hupiga nje. Kampuni ndogo haikuweza kamwe kuuza dakika ya simu ya nje kwa shilingi tatu ilhali yenyewe ililazimika kumlipa mshindani wake shilingi nne na ushei.

Agosti hiyo Tume ya Mawasiliano ilipunguza ada hadi shilingi 2.21. Siku hizo hizo Zain, ikiwa imekwisha kununuliwa na Bharti Airtel ya India, ikatangaza bei ya shilingi tatu kwa dakika kwenda mtandao wowote. Safaricom nayo ikashusha bei zake. Vita vya bei vikawaka, na mwananchi, kama yule kunguru wa methali anayefurahia vita vya panzi, akashiba maongezi. Angalieni kwamba hakuna kampuni iliyobadilika tabia mwezi ule. Hakuna iliyopata ghafla roho ya ukarimu. Kilichobadilika ni tarakimu moja katika kitabu cha msimamizi.

Punguzo jingine lililokuwa limepangwa kutekelezwa mwaka 2011 likaahirishwa, na mwaka huo ulipokuwa ukielekea ukingoni bei zikaanza kupanda tena. Mwaka 2014 mtandao mdogo wa yu ukafunga kazi. Wateja wake wakaenda Airtel na mitambo yake ikaenda Safaricom. Sisemi kwamba ada pekee ndiyo iliyosababisha haya yote, kwani vita vya bei vina maumivu yake na mwenye mfuko mwembamba huyahisi mapema. Nasema kwamba kusitasita kwa msimamizi ni hatua ya mchezo kama hatua nyingine yoyote, na kila kusitasita kuna anayenufaika nako.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya ni kumleta mkubwa apambane na mkubwa, ili nguvu zilingane. Tuliwahi kuijaribu dawa hiyo, nasi tunakumbuka ladha yake. Kampuni ya bia ya Kenya Breweries, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilikuwa imelitawala soko letu kwa miaka mingi. Yasimuliwa kwamba bia yake ya Tusker ilipewa jina hilo kwa ajili ya tembo aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi. Mwaka 1998 akaja tembo mwingine: South African Breweries ilifungua kiwanda Thika chini ya jina la Castle. Upande wa pili wa mpaka mambo yalikuwa kinyume. Huko Waafrika Kusini ndio waliokuwa wakubwa, kwa kuwa walikuwa wameingia katika Tanzania Breweries tangu 1993, na Wakenya ndio waliokuwa wageni wakiwa na kiwanda chao cha Kibo mjini Moshi. Kila mmoja alikuwa mkubwa nyumbani na mdogo ugenini.

Wapinzani wa namna hii, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumuumiza mwenzake mahali anapopathamini, hawachukui muda mrefu kujifunza. Mchezo unaochezwa mara moja huwahimiza wachezaji wapigane. Mchezo unaochezwa kila siku bila mwisho unaojulikana huwafundisha kuvumiliana, kwani kila pigo la leo lina kisasi chake kesho. Mwaka 2002 wakapatana. Kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi kikafungwa, na kila upande ukapewa asilimia 20 ya hisa katika kampuni ya mwenzake. Mapatano hayo yalidumu hadi ushirika huo ulipovunjwa mwaka 2011.

Kwa wenye hisa ulikuwa msawazo mzuri. Kwa mfanyakazi aliyepoteza kazi Thika au Moshi, na kwa mnywaji aliyebaki na muuzaji mmoja kila upande wa mpaka, ulikuwa jambo jingine. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini tembo wakipatana na kulala papo hapo, nyasi pia hulaliwa. Msawazo, kama anavyoueleza Nash, ni hali isiyomshawishi mchezaji yeyote kuondoka peke yake. Hakuna mahali katika hisabati hiyo panaposema kwamba hali hiyo ni njema kwa wale ambao hawakuketi mezani.

Nini basi kifanyike? La kwanza lawahusu wanaoanzisha biashara, ambao wengi wao watatoka katika madarasa yetu. Wasifundishwe kwamba kukua ni jema daima na kwamba ujasiri ni kumkabili mkubwa ana kwa ana. Wafundishwe kuuliza, kabla ya kuchukua mkopo: nikifika kiasi hiki, mwenzangu atapata hasara gani akinivumilia, na hasara gani akinipiga? Kijana wa langoni hakukosa bidii wala uaminifu. Alikosa swali hilo moja. Laiti angebaki na mashine mbili, akafungua alfajiri wakati wa mitihani na kufunga usiku wa manane, huenda angekuwapo hadi leo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

La pili lawahusu wasimamizi wa soko. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 na mamlaka yaliyoundwa kuitekeleza. Kazi yao si kuwaadhibu wakubwa kwa kuwa wakubwa, wala kuwabembeleza wadogo kwa kuwa wadogo. Kazi yao ni kupima ua. Na kwa kuwa kila mwezi wa kuchelewa una mnufaishwa, hatuna budi kuwataka watangaze mapema ua gani utaondolewa na siku gani, ili aliyebonyeza wenzo ajue thawabu yake na anayesubiri ajue zamu yake.

La tatu latuhusu sisi walimu. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha methali hana haja ya kuwa mwanauchumi ili achore miraba minne ubaoni, aandike juu yake mkubwa anapigana au anavumilia, na ubavuni mdogo anakua au anabaki, kisha awaulize wanafunzi wajaze kila mraba kwa tarakimu walizozifikiria wenyewe. Baada ya hapo ndipo awaulize ni mraba gani ulio wa methali ya mwenye nguvu mpishe, na ni upi ulio wa mdharau mwiba. Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo mara moja hatasema tena kwamba methali zetu zinagongana. Atasema kwamba wahenga waliyaona matokeo ya michezo mingi na kutuachia majibu, bila kutuandikia maswali.

Wala tusikubali ule usemi kwamba fikra za namna hii hazielezeki ila kwa Kiingereza. Nimezieleza hapa kwa kihori, wenzo, ua na kete. Aliyefilisika kando ya lango la chuo angeweza kuzielewa jioni moja, lau kama sisi tuliokuwa ndani ya lango hilo, tukipita mbele ya kibanda chake kila asubuhi na vitabu kwapani, tungelikumbuka kumweleza.